Labeka

Huku kwetu mtoto hujua kuitika kabla hajajua kuhesabu.
Ukiitwa, sema labeka. Hata uko chooni, sema labeka.
Mimi Dzombo, fundi wa Mikindani, nimelala chali
chini ya gari la Bi Mghoi, unga wa kutu machoni,
na gari hili liliitwa miaka sita iliyopita
likanyamaza.

Alilileta kwa kelele ndogo tu. "Linagonga kushoto," akasema,
"nikipanda tuta la pale shuleni."
Nikaugonga mkono wa gurudumu kwa bisibisi,
kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.
Bisibisi ikaingia bila kukaribishwa,
kama kidole kwenye papai lililolala.
Na rangi ilikuwa nzima! Nyeusi, ya kiwandani, inang'aa.
Kikulacho, wahenga wangu, ki chini ya rangi.

Kwenye kijidroo, nyuma ya bili za maji na peremende,
kikaratasi cha Kijapani kimekunjwa mara nne.
Nassoro wa forodhani, mpangaji wa juu, akakipiga picha,
kisha akaandika namba za chesisi kwenye simu
huku nikimsomea kwa tochi, moja moja.
Jibu lilikuja chai haijapoa.
Gari hili linaitwa. Lirudi. Chuma chake kinaoza
kwa chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji.
Lirudi, lifungwe kipya,
bure.

Bure! Bi Mghoi alicheka hadi akashika kiuno.
Barua ilikwenda kwa mtu wa mji wa baridi
aliyekwisha kuliuza, na aliyelinunua naye keshaliuza,
na siku tarishi anabisha mlango kule
gari limo tumboni mwa meli, linakuja Kilindini
kuuzwa kwa jina la "kama jipya".
Asiyekuwepo na lake halipo.

Chumvi ya theluji sijaiona. Nadhani ni nyeupe juu ya nyeupe.
Ya kwetu naijua. Bi Mghoi huvuka Likoni kila Jumapili
kwa mamake, na siku za bamvua
maji hupanda gatini, magurudumu yakaoga.
Ya kule ikaikuta ya huku,
zikatambuana, ndugu wa ziwa moja,
zikaketi kula.

Tukapiga simu. Binti mwenye sauti ya asali akatwambia
mwito ule ni wa magari yaliyouzwa kwao tu.
"Basi mwambie," Bi Mghoi akapaza sauti,
"mimi nimeitika. Aandike. Nimeitika."
Binti akaandika,
au alisema ameandika.

Elfu kumi na nane kwa mkono mpya, si pesa za mchezo.
Ananilipa kidogo kidogo. Gari bado li juu ya mawe,
naye hupita asubuhi kwa miguu, viatu mkononi kwa tope,
akinipigia honi kwa mdomo.
Ule mkono wa zamani nimeutundika ukutani.
Usiku nausikia ukidondosha maganda.

Jumamosi nilifunga gereji, nikashuka Likoni.
Foleni ya feri, jua la saa nane, bamba kwa bamba.
Nikatafuta taa zile zile, pua ile ile,
nikachuchumaa, nikamulika uvungu, nikauliza mwaka.
Mmoja alifunga vioo. Mwingine akaita askari.
"Unatafuta nini chini ya magari ya watu?"
Nikamjibu: naita majina.
Akaninusa kinywa, asisikie pombe,
akabaki kunitazama tu.

Feri ikapiga king'ora. Geti likafunguliwa.
La tano, la kijivu, kijana mwenye kofia,
mtoto amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi.
Injini ilikwisha kuwaka.
Akashusha kioo, upana wa vidole viwili:
"Kelele yenyewe ikoje?
Ya kushoto?"